Kope za Mpima Barabara

Vijana wangu wa chumba cha macho, siku mliponiaga kwa keki na hotuba mlinisihi niandike kazi ilikuwaje zamani, kabla ya mashine zenu zinazoonyesha kila kitu kwenye kioo. Nimekubali kwa sharti moja: vyeo sitavitaja. Cheo changu cha mwisho kilikuwa na jina refu hata hakikuenea kwenye kibandiko cha kifuani, na sikumbuki kama kiliwahi kumsaidia mgonjwa yeyote kuona. Nitaandika juu ya kibano, sindano, mtawa mmoja, daktari mmoja na Mchina mmoja. Hao ndio walionifundisha kazi.

Mimi ni binti wa fundi cherehani wa mtaa wa Rwezamenyo, Kigali. Babu yangu alikuja na biashara kutoka pwani, akaoa Mnyarwanda, akasahau kurudi. Nyumbani kwetu Kiswahili kilikuwa cha kugombana na cha kubembelezana. Kinyarwanda tulikivaa tukitoka nje, pamoja na viatu. Likumbukeni hilo, maana ndilo lililoniingiza katika kisa hiki.

Nilianza kazi mwaka 1990 katika kliniki ndogo ya macho mjini Kigali, juu mlimani, mahali ambapo ukisimama uani unaliona bonde la Nyabugogo lote na nyumba za Gatsata zimejipanga ng'ambo. Siku ya kwanza alinipokea Masera Imakulata, mtawa mfupi aliyekuwa mkuu wa chumba cha upasuaji. Hakuniuliza jina. Alinipa kibano kidogo cha kung'olea nywele za kope, akaweka nyuzi za hariri juu ya sabuni iliyolowa, akaniamuru niziokote uzi mmoja mmoja bila kuikwaruza sabuni. Niliikwaruza asubuhi nzima. Mchana nilipoanza kufaulu nilifurahi, nikacheka, na kibano kikazama ndani ya sabuni kama uma ndani ya ugali.

"Hapa hakuna kucheka," aliniambia Masera kwa Kiswahili chake cha Kigali. "Kicheko inatoka ku tumbo, inapita ku mukono, inafika ku sindano. Wewe unacheka, muntu anapofuka. Umesikia?"

Nilisikia. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya kwanza ya chumba kile, na ilikuwa ngumu kuishika kwa sababu ya daktari wetu. Dokta Vedaste alikuwa kijana mrefu aliyerudi kutoka masomoni Ulaya, na hajapata kuzaliwa mtu mwepesi wa kucheka kama yule. Akicheka, miguu nayo ilishiriki. Kasoro yake moja ilikuwa Kiswahili. Mama yake, mke wa katekista huko mashambani, aliamini kwamba Kiswahili ni lugha ya madereva na walevi, akamkataza mwanawe kukisikiliza hata redioni. Kwa hiyo Dokta alijua Kinyarwanda na Kifaransa, na kwa lililobaki alinigeukia mimi na kuuliza, "Avuze iki?" Yaani, amesema nini?

Mnajua miaka ile ilivyoishia. Dokta Vedaste na Masera hawakuivuka. Nimewalilia mahali pengine, na bado nawalilia. Hapa nataka niwaandike wakicheka, kwa sababu walicheka, na nikinyamaza mtadhani hatukuwahi kuwa na siku njema.

Sasa kazi yenyewe. Kope zinazouma jicho tulizijua, au tulidhani tunazijua. Walikuja wazee kutoka mashariki, kwenye vumbi na ng'ombe, macho yameliwa na trakoma, ule ugonjwa ambao Watanzania huuita vikope. Trakoma huacha makovu upande wa ndani wa kope, makovu yanavuta, na ukingo wote unapinda hadi nywele zinalisugua jicho lenyewe. Dawa ilikuwa mbili: wa afadhali tuling'oa nywele kwa kibano, wa hali mbaya Dokta alikata na kuugeuza ukingo. Mzee akija analia machozi na jicho jekundu, hatukuuliza mengi. Tulichukua kibano.

Ndivyo tulivyofanya hata siku ile ya mwaka 1991 mlinzi wetu Gaspari alipoingia mbio.

"Zaituni! Iko Muchina moja ku mulango. Analia. Sijui nani amemupiga."

Nilitoka. Alikuwa mwanamume wa makamo, kofia ya kazi kichwani, buti zina udongo mwekundu, na machozi yanamtiririka kwenye mashavu yote mawili kwa utulivu kabisa, kana kwamba hayamhusu. Nikawa nauandaa mkono wangu uanze kueleza mambo kwa ishara. Yeye akavua kofia.

"Hodi wenyewe!" akasema.

Hodi! Pale Kigali watu walibisha kwa Kinyarwanda, au kwa kukohoa. Ulimi wangu ukajibu peke yake: "Karibu. Shikamoo."

"Marahaba!" akasema, na uso ukamchanua katikati ya machozi. "Marahaba, dada! Tangu nitoke Mbeya hakuna mtu ameniamkia."

Huyo ndiye Bwana Wei. Ujana wake wote aliumalizia Tanzania akijenga reli, na Kiswahili alijifunzia kambini, kwa wachimba mitaro. Kilikuwa Kiswahili kitamu, chenye methali na salamu zote, na chenye matusi ambayo hata baba yangu angelazimika kuyatafakari. Baada ya reli alirudi kwao, akaoa, akapata binti, kisha akatumwa kwetu kupima barabara. Alikuwa mtu wa darubini: yeye hutazama, husema "kushoto kidogo", na kigingi kinapigwa. Vita ilikuwa imeanza kaskazini na vizuizi vilikuwa vingi njiani, lakini barabara bado ilihitaji kunyooka, na jicho lake la kulia ndilo lililoinyoosha.

Tukamkalisha, tukachukua kibano, tukang'oa. Akashukuru, akaenda. Baada ya majuma machache, "Hodi!" Nywele zimeota upya, fupi na ngumu, na fupi inachoma kuliko ndefu. Tukang'oa tena. Mwezi ule mwingine tena. Alikuja mpaka Gaspari akawa anampigia saluti, na kila alipokuja alileta mkasa mmoja wa reli, nami nilimtafsiria Dokta nikiruka matusi. Dokta alicheka, lakini alinitazama kwa shaka. Aliona wazi kwamba wanaojua Kiswahili wamecheka zaidi ya kile nilichomtafsiria.

Siku moja kicheko kilikatika. Dokta alikuwa ameinama kwenye taa, analikagua jicho la kulia, akakaa hapo kitambo. Kisha akaniita nitazame. Kwenye kioo cha jicho, chini kidogo ya mboni, palikuwa na doa dogo jeupe kama pumzi kwenye dirisha.

"Mwambie nywele zimeanza kuacha kovu," alisema Dokta kwa Kinyarwanda. "Kovu likipanda mpaka katikati, darubini ataiaga."

Nilimwambia. Bwana Wei akatoa tusi moja taratibu, lenye adabu zote, na safari ile sikulilaumu.

Ndipo Dokta alipofanya jambo ambalo tungelifanya tangu mwanzo kama si mazoea. Aliligeuza kope la juu la Bwana Wei juu ya kijiti cha kiberiti, akatazama ndani. Palikuwa laini, pasafi, bila kovu hata moja. Hakuwa na trakoma wala hakuwahi kuwa nayo. Miezi yote ile tulikuwa tunatibu ugonjwa wa mzee wa Kibungo, kule mashariki, kwenye jicho la Mchina. Masera alifanya ishara ya msalaba. Dokta akaweka kidole juu ya ngozi ya kope, akaivuta juu kidogo tu, na nywele zote zilizokuwa zimelala zikielekea chini zikainuka pamoja, zikaacha jicho. Akaachia, zikalala. Akavuta, zikainuka. Alirudia kama mtoto aliyepata swichi ya taa, na miguu ikaanza kucheza.

Nawaeleza alichotueleza. Kope lako na langu lina mkunjo juu yake. Ukifumbua jicho, ngozi inajikunja pale na nywele zinaelekezwa juu. Watu wengi wa kwao Bwana Wei mkunjo huo hawana, au upo chini sana. Ngozi inateremka moja kwa moja, na kwa wengi haina shida yoyote, ndivyo walivyo na wanapendeza. Lakini kwa wengine ngozi inajaa, inafika ukingoni, inazikandamiza nywele hadi zinaangukia jicho. Kinachotakiwa ni kupunguza utepe mwembamba wa ngozi na kuishona iliyobaki kwenye ule ubao mgumu ulio ndani ya kope, ili isiteremke tena. Waswahili wamesema kikulacho ki nguoni mwako. Cha Bwana Wei kilikuwa karibu zaidi hata ya nguo.

"Utapata mkunjo mzuri, mkubwa, kama huu," nilimtafsiria, maana Dokta alikuwa anaonyesha kope lake mwenyewe kwa fahari. Vitabu vyake vya Kifaransa vilikuwa na picha za Wazungu tu, na mkunjo wa vitabuni ulipita juu sana.

Bwana Wei akasimama. "Basi. Kwaheri, dada."

"Unaogopa kisu?"

"Kisu siogopi. Naogopa macho yenu. Ni mazuri, lakini ni yenu." Akatoa mfukoni picha, imefungwa ndani ya nailoni. "Tazama."

Ilikuwa picha ya uso wake, aliyopigwa siku ya kuondoka kwao. Binti yake alikuwa na miaka minne wakati ule. Sasa ana saba, hamkumbuki baba yake kwa sauti wala kwa harufu; anamjua kwa nakala ya picha hii, iliyowekwa pembeni ya kitanda chake. Kila usiku mama yake humwonyesha na kumwambia, huyu ndiye. Mwaka ujao Bwana Wei atapewa likizo.

"Nikifika na macho mengine, mtoto atanikimbia," alisema. "Nikifika kipofu wa jicho moja, atanikimbia pia. Sasa nishauri."

Nilimtafsiria Dokta neno kwa neno; hapakuwa na tusi la kuruka. Dokta aliichukua picha, akaipeleka kwenye mwanga. Aliitazama kama anavyotazama jicho.

"Mbona hapa analia?" aliuliza.

Kweli, chini ya kila jicho palikuwa na mng'ao wa majimaji. Bwana Wei aliposikia swali akacheka hadi akashika meza.

"Kope, dada! Siku ile zilikuwa zinanichoma, na mpiga picha mpumbavu anahangaika na taa yake. Mke wangu anaamini nililia kwa kuwaacha. Ameniandikia hivyo, amewaambia majirani. Mimi sijamsahihisha. Mwanamke akiamini mumewe amemlilia, wewe mwache aamini."

Tulicheka mimi na Gaspari aliyekuwa mlangoni. "Avuze iki?" Nikatafsiri. Dokta akacheka. Kisha akaweka mkono kifuani, akamwambia Bwana Wei kwa Kinyarwanda, polepole, kana kwamba upole utaifanya lugha ieleweke: hii picha ndiyo ramani, sitatoka nje ya ramani.

Bwana Wei alikubali, lakini yeye alikuwa mpima barabara, na mpima hamwachii mtu kazi bila kuikagua. Siku ya kuchorwa alikuja na pima maji, ile rula ya mafundi yenye kichupa cha maji na kipovu ndani. Dokta alimkalisha wima, kwa maana kope la mtu aliyelala hudanganya, akachovya kijiti cha meno kwenye dawa ya zambarau, akachora mstari chini kabisa, karibu na nywele. Bwana Wei akaomba kioo, akalishika pima maji chini ya nyusi zake, akaniambia, "Soma kipovu."

Kipovu kilikuwa kimekimbilia kulia.

"Si mstari uliopinda," alisema Dokta baada ya kutafsiriwa. "Uso ndio umepinda. Mwambie hakuna uso ulionyooka duniani."

Bwana Wei hakuamini. Akampima Dokta: kipovu kikaenda kushoto. Akanipima mimi: kulia, na nilikasirika kidogo. Gaspari akajipeleka mwenyewe, akasimama kama yuko kwenye gwaride. Kipovu kilikimbia hadi mwisho wa kichupa na kugoma kurudi, na Gaspari akauliza kama kuna dawa. Wagonjwa waliokuwa kwenye benchi wakaanza kupanga foleni wapimwe. Bibi mmoja wa mtaa wa Kimisagara alileta mume na mkwe, akasema siku zote alijua. Mwishowe watu wote wakamgeukia Masera.

"Mimi hapana," alisema Masera.

Alipimwa. Kipovu kilisimama katikati, hakikutikisika, na pale pale Masera akageuka akaenda zake ndani. Nilimfuata kuchukua sinia. Nilimkuta mbele ya kioo cha kabati, anautazama uso wake.

Dokta aliondoka na somo lake. Kwenye picha jicho la kushoto la Bwana Wei lilikuwa limefunikwa zaidi kidogo kuliko la kulia. Angeweza kuyasawazisha, na vitabu vilimwelekeza hivyo. Alisema hapana. Ule upande uliolala ndio uliowekwa pembeni ya kitanda cha mtoto.

Tukampasua Alhamisi. Alitiwa ganzi kwenye kope tu, akawa macho kabisa, na picha yake tuliibandika kwa plasta kwenye shingo ya taa. Nilikuwa upande wa kichwa, kazi yangu kushika uzi na kutafsiri amri: fumbua, fumba, tazama juu, tazama miguu yako. Dokta alitaka aongee, ili ajue kama ganzi inatosha. Kumwambia Bwana Wei aongee! Alianza mara moja.

"Tulipokuwa tunapima reli kule porini, dada, asubuhi tunapiga vigingi, jioni tembo wanaving'oa. Kila siku. Msimamizi wetu akachoka, akaamuru tuweke tangazo, limeandikwa kwa herufi kubwa: Tembo hawaruhusiwi. Kesho yake tukakuta tembo wameng'oa tangazo. Msimamizi akasema, 'Vizuri. Inaonyesha wanasoma.'"

Nilijikaza. Nilitazama dari, nilikumbuka mazishi, nilijikanyaga mguu. Ikanitoka sauti ndogo ya puani.

"Avuze iki?" aliuliza Dokta, sindano mkononi.

Nikatafsiri. Dokta akaondoa mikono yote miwili juu ya uso wa mgonjwa, akaiinua hewani kama mtu aliyekamatwa na askari, na kuanzia mabegani kushuka chini akatetemeka bila sauti. Tulingoja. Alipotulia alishona, mgonjwa akaendelea na mkasa wa mpishi na chatu, sisi tukacheka, "Avuze iki?", nikatafsiri, mikono juu, tukangoja tena. Kila kichekesho kilisimamisha kazi mara mbili: mara ya kwanza kwetu, mara ya pili kwa Dokta. Niliogopa kumtazama Masera. Nilipothubutu, niliona barakoa yake inaingia na kutoka kwa kasi, macho amefumba, na rozari mkononi. Mkasa wa chatu ulipofika mwisho aliweka chini kila kitu, akatoka, akafunga mlango. Kupitia ukuta tulisikia mtu anacheka kama ndoo inayobingirika kwenye ngazi. Aliporudi alikuwa ameshanawa upya na kuvaa glavu mpya, kwa utaratibu wote.

"Hapa hakuna kucheka," alitukumbusha.

Mwisho wake Bwana Wei alifumbua macho yote mawili. Dokta akatazama picha, akatazama uso. Akafungua uzi mmoja wa kushoto, akaushona tena chini kwa unene wa uzi wenyewe. Nywele zilikuwa zimeinuka pande zote mbili. Jicho lilikuwa huru.

Hapa ningependa kuandika kwamba sote tulishangilia. Lakini kope ni ngozi nyembamba kuliko zote mwilini, na huvimba bila haya. Tulipofungua bendeji, Bwana Wei alikuwa na maandazi mawili yaliyopasuliwa katikati. Aliomba kioo. Sikutaka kumpa, Dokta akasema ni haki yake. Alijitazama muda mrefu, kisha akauliza kwa sauti ya chini, bila tusi, "Huyu nani?"

Nilimweleza kwamba uvimbe utashuka, akaniitikia kwa kichwa tu. Alivaa kofia, akatoka bila kumuaga mtu. Nyuzi alitolewa kimya kimya, na baada ya hapo hakuonekana. Dokta alianza kuuliza asubuhi, kabla hata ya salamu, kama Mchina wetu amefika. Kila siku nilimjibu hapana, na siku hizo hakucheka hata kidogo. Alikuwa akimwona yule mtoto anakimbia, na mimi pia nilimwona.

Kisha, siku moja ya jua kali, "Hodi wenyewe!"

Alikuwa amekuja na ile miguu mitatu ya kusimamishia darubini begani. Akaisimamisha uani, akafungia darubini yake juu, akaweka jicho la kulia, akazungusha. Tulisimama nyuma yake. "Gatsata," akasema. "Nyumba ya bati jipya. Mama anaanika kanga ya njano. Nahesabu vibanio." Halafu akageuka, na hakuwa na chozi hata moja. Uvimbe ulikuwa umeisha. Ulikuwa uso wake, na upande wa kushoto umelala kidogo.

Kliniki ilisimama kazi. Kila mtu alitaka kutazama. Darubini ile ilikuwa ya zamani, inaonyesha vitu juu chini, hakutuonya. Gaspari aliinama kwanza, akaruka nyuma: "Yesu! Gatsata imepinduka!" Mimi nikaona nyumba zinaning'inia kutoka ardhini na mama wa kanga anatembea kwa kichwa. Dokta alicheka mpaka akaketi chini. Masera alitazama muda mrefu kuliko sote, akauliza kwa utulivu kama inaweza kuelekezwa parokiani.

"Mtoto atakujua?" nilimuuliza Bwana Wei alipokuwa anafunga vifaa.

Aliitoa picha, akaitazama, akairudisha. "Mimi najijua," alisema. "Yeye sijui."

Akaenda likizo. Sisi tuliendelea na wazee wetu wa mashariki, ila kuanzia hapo kila mgonjwa aligeuzwa kope kwanza kabla ya kibano kuguswa. Mnaofanya hivyo leo na kuniona bibi msumbufu kwa kuwasimamia, sasa mmejua sababu.

Alirudi mwaka 1992, saa ya mchana, na kopo la majani ya chai kwa kila mmoja. Tulimzunguka chumba cha kungojea. Hata wagonjwa walisogea. Dokta alikuja na koti lake limefungwa vifungo vibaya. Hatukumkaribisha hata kiti. Nilimwambia, "Sema."

"Walikuja stesheni," alianza Bwana Wei. "Mama yake na yeye. Ameishika ile picha kwa mikono miwili. Nimeshuka, nimesimama mbele yake, sikumgusa. Akatazama picha. Akanitazama. Akatazama picha. Akanitazama tena, hapa," akagusa kope la kushoto. "Halafu akajificha nyuma ya mama yake."

Gaspari alisema "Yewe!" kwa sauti ndogo. "Avuze iki?" aliuliza Dokta, nami nikainua mkono kumzuia, maana Bwana Wei alikuwa hajamaliza.

"Akamvuta mama yake nguo, akamnong'oneza. Nikasikia. Amesema, 'Ni baba. Ameacha kulia.'"

Bwana Wei alikuwa anafuta macho kwa kofia, na safari hii kope hazikuwa na hatia. Bibi mmoja kwenye benchi alianza kupiga vigelegele. Masera alivua miwani, akaisafisha, akaivaa, akaivua tena.

"Zaituni," Dokta alinishika kiwiko, uso umemsawijika kwa hofu. "Zaituni, avuze iki?"

Nikamwambia: "Ni papa. Yaretse kurira."

Sisi wengine tulikuwa tumeshalia, tumeshacheka, tumeshajifuta. Ndipo yeye akaanza, vyote viwili pamoja, amesimama peke yake katikati ya chumba na miguu inamcheza, wa mwisho kama siku zote, na Masera hakumkataza.